Tendegu Jipya la Kitanda cha Bibi Limepasuka: Kosa ni la Mkerezaji, la Kiyoyozi au la Mti?

"Nimerithi kitanda cha marehemu bibi yangu, chenye matendegu manne yaliyokerezwa (yaani yaliyochongwa yakizunguka kwenye mashine), kila moja likiwa na urefu wa sentimita 70 na unene wa sentimita 9 hivi. Tendegu moja lililiwa na wadudu kuanzia chini hadi kiasi cha shubiri moja, nikampa fundi wa hapa Tanga anikerezee jingine la mvule. Siku ya kwanza kazi ilipendeza mno. Baada ya miezi mitatu ndani ya chumba changu chenye kiyoyozi, tendegu hilo lina ufa unaoweza kuingia ukucha, si duara tena, na mfumbati (mti wa ubavuni mwa kitanda) unacheza ndani ya tundu lake. Fundi anasema mbao zilikuwa kavu, zilikaa karakanani mwaka mzima, na kwamba kilichoharibu ni kiyoyozi. Mjomba ananishauri niyatupe matendegu yote manne nikereze mapya yafanane, kisha kitanda kizima kipigwe msasa na vanishi, na kipakwe oili chafu ili wadudu wasirudi. Rangi yake ya asili ni nyekundu iliyokolea, yenye mikanda myeusi. Nifuate ushauri upi? Na je, ninaweza kununua mashine ndogo ya kukereza nikafanya kazi hii mwenyewe? Tendegu la zamani bado ninalo."

Ndugu msomaji, nimefurahi kusoma sentensi yako ya mwisho kuliko nyingine zote. Tafadhali usilitupe tendegu la zamani, na umzuie mjomba, kwa heshima zote, asilitie jikoni. Kwa maelezo uliyotoa, huenda likawa ndilo tiba ya kitanda chako, na nitaeleza hapa chini kwa nini. Kabla ya hapo ni lazima tuelewane juu ya kilichotokea kwa lile jipya, kwa sababu ukikereza jingine bila kuelewa chanzo, baada ya miezi mitatu utaniandikia tena swali lile lile.

Fundi wako amesema mbao zilikuwa kavu, na ninaamini amesema hivyo kwa nia njema. Hata hivyo, neno "kavu" katika karakana zetu mara nyingi humaanisha kwamba ukigusa mti kwa nje husikii unyevu. Mti haukauki kwa nje na ndani kwa pamoja. Kanuni ya makadirio waliyorithishana maseremala ni kwamba mbao zilizopangwa kwenye kivuli chenye upepo huhitaji takribani mwaka mmoja kwa kila milimita 25 za unene. Kwa kanuni hiyo, ubao wa inchi moja uliokaa karakanani mwaka mzima uko tayari kwa kazi, lakini kipande cha mraba cha sentimita 10, ambacho ndicho kinachotoa tendegu la sentimita 9, kinahitaji miaka minne hivi. Ngozi ya nje ilikuwa kavu kweli, ila katikati palikuwa bado pabichi, na mashine ilipoondoa ile ngozi kavu, ule ubichi ukaletwa karibu na hewa.

Maji ndani ya mti hukaa kwa namna mbili. Kuna yale yaliyojaa ndani ya vijitundu vya mti kama maji ndani ya mrija. Hayo yakitoka, mti hupungua uzito tu na umbo halibadiliki. Kuna pia yale yaliyonyonywa na kuta zenyewe za vijitundu hivyo, na hayo ndiyo yenye matata, kwa kuwa yanapotoka kuta hukonda na mti husinyaa. Mpaka kati ya hali hizo mbili, kwa miti mingi, uko karibu na asilimia 30 ya unyevu, yaani uzito wa maji ukilinganishwa na uzito wa mti mkavu kabisa. Kuanzia hapo kwenda chini, kila tone linalotoka huchukua sehemu ya umbo la tendegu lako.

Lingekuwa jambo jepesi kama mti ungesinyaa sawasawa pande zote, kwa maana tendegu lingekuwa jembamba kidogo na kubaki duara. Lakini haufanyi hivyo. Kwa urefu, mti hausinyai kwa kiasi cha kuonekana. Kutoka katikati ya gogo kuelekea gome, husinyaa kwa kiasi fulani. Kwa kuzunguka, yaani kufuata zile pete unazoziona kwenye kichwa cha gogo lililokatwa, husinyaa zaidi, na kwa miti mingi ni karibu mara mbili. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mti unaosinyaa asilimia 6 kwa kuzunguka na asilimia 3 kwa kuelekea nje, tangu ubichi hadi ukavu kabisa, hupoteza takribani asilimia 0.2 na 0.1 ya kipimo chake kwa kila asilimia moja ya unyevu inayotoka. Tendegu likikerezwa likiwa na unyevu wa asilimia 22 kisha likashuka hadi 10, unene wa milimita 90 utapungua milimita 2 na kidogo upande mmoja, na milimita 1 na kidogo upande wa pili. Kwa hiyo tofauti ya milimita moja nzima kati ya pande mbili hutokea hata pale ambapo mkerezaji alikata duara lisilo na dosari. Tundu la mfumbati nalo hubadilika umbo, na ulimi, yaani ncha ya mfumbati iliyoingia humo kwa kukaza, huanza kucheza.

Hapa nikuombe ufanye jaribio moja litakalokushangaza. Chukua kipimio au bikari, upime unene wa yale matendegu matatu ya bibi mahali pamoja, mara mbili, kipimo cha pili kikikatiza cha kwanza kama msalaba. Ninatarajia utakuta nayo si duara kamili. Mti uliokerezwa zamani huwa na umbo la yai kidogo kwa sababu hiyo hiyo, na sisi tunaorekebisha samani hutumia dalili hiyo kutambua kitu cha kale na kitu kilichoigizwa juzi. Kwa hiyo kutokuwa duara si aibu. Kilicholiharibu tendegu lako jipya ni ukubwa wa badiliko na ule ufa.

Kuhusu ufa, tazama kichwa cha tendegu jipya, juu au chini. Ukiona pete zinazunguka kikamilifu kama mawimbi ya jiwe lililotupwa majini, zikiwa na nukta laini katikati, basi fundi alitumia kipande chenye kiini cha mti, na hilo pekee linatosha kueleza kila kitu. Fikiria mkanda uliofungwa kiunoni, na mkanda huo ukawa unafupika kwa kasi kuliko kiuno kinavyokonda. Mwisho wake ni kukatika mahali pamoja. Ndivyo pete za nje zinavyofanya kuzunguka kiini, na hakuna gundi, rangi wala maombi yanayoweza kuzuia. Kipande cha tendegu kinapaswa kupasuliwa kutoka kando ya kiini, katika gogo nene la kutosha, ili pete zionekane kama pinde zinazopita badala ya miviringo iliyofunga. Magogo manene yamekuwa haba, ndiyo maana mafundi wengi siku hizi hukereza kijigogo kizima, na kwa kweli siwalaumu sana kwa uhaba huo. Ninawalaumu pale wasipomwambia mteja.

Na kiyoyozi? Fundi ana nusu ya haki. Kwenye hewa ya kawaida ya Pwani, mti uliokauka hutulia kwenye unyevu wa asilimia 14 hadi 16 hivi na hauwezi kushuka zaidi, hata ukae miaka 100. Kiyoyozi hukamua maji hewani, na mti uliomo chumbani hushuka hadi asilimia 10 au pungufu. Hata mbao zilizokauka vizuri kwa upepo wa bahari zitasogea kidogo chumbani mwako. Lakini matendegu matatu ya bibi yamo chumba kimoja na lile jipya na hujasema kwamba yamepasuka, kwa hiyo kiyoyozi kimeharakisha tu. Zungusha mdomo wa kiyoyozi usipulize moja kwa moja kitandani, na usiwe na tabia ya kukizima siku nzima na kukiwasha kwa nguvu usiku, kwa maana kupanda na kushuka huko huchosha maungio.

Sasa nije kwa mjomba. Kukereza matendegu manne mapya ili yafanane ni wazo linalotoka kwenye samani za kiwandani. Matendegu yaliyokerezwa kwa jicho na mkono hayakuwahi kufanana kabisa tangu siku ya kwanza. Yapange kando kwa kando uone pete za mapambo za tendegu moja zimepanda kidogo na za jingine zimeshuka. Jicho la binadamu husamehe tofauti hizo, hasa matendegu yakiwa yameachana kwa urefu wa kitanda kizima. Ukiyatupa matatu yaliyo mazima utakuwa umenunua kitanda kipya chenye mifumbati na vitakizo (miti ya kichwani na miguuni) vya zamani.

Msasa na vanishi ndio ulionitia wasiwasi zaidi. Rangi nyekundu iliyokolea yenye mikanda myeusi, juu ya mti uliokerezwa, inanifanya nishuku kwamba kitanda chako kilipakwa laki kikiwa bado kinazunguka kwenye mashine. Laki ni utomvu unaotolewa na vijidudu vidogo vya India na Kusini-Mashariki mwa Asia vinavyoishi kwenye matawi ya miti. Ukichanganywa na rangi na kufinyangwa kuwa kijiti, mkerezaji hukikandamiza kwenye mti unaozunguka, joto la msuguano hukiyeyusha, na rangi hujipaka yenyewe kwa mikanda iliyonyooka ambayo hakuna brashi inayoweza kuiiga. Kazi hiyo bado inafanywa Sankheda, katika jimbo la Gujarat, kwa samani za msaji, na Channapatna, kusini mwa India, ambako mng'aro wa mwisho hutolewa kwa jani la mkadi, mmea ambao sisi tunauthamini kwa maua yake. Vitanda na mbinu zilivuka bahari pamoja na biashara ya majahazi, na mafundi wa Pwani nao walikuwa na mikono yao.

Jaribu hivi: chovya pamba kidogo kwenye spiriti, usugue polepole mahali pasipoonekana, kama vile upande wa ndani ulio chini ya mfumbati. Pamba ikichukua wekundu na mahali hapo pakaanza kunata, hiyo ni laki au vanishi ya laki. Usisugue zaidi ya nukta ndogo, kwa sababu kile kinachothibitisha ndicho kinachofuta. Kuanzia hapo kitanda kisafishwe kwa kitambaa kilichokamuliwa sana na kukaushwa papo hapo, na msasa usikaribie kabisa.

Oili chafu ninaikataa bila kusitasita. Inatia weusi usiotoka, inazuia gundi kushika milele, inanuka ndani ya chumba cha kulala, na haimfikii mdudu aliye ndani kabisa. Isitoshe, kwanza ujue kama wadudu bado wapo. Mchwa huacha udongo na vichuguu. Fukusi watoboao mbao huacha matundu madogo ya duara na unga laini. Tandaza kitambaa cheusi chini ya kila tendegu kwa mwezi mmoja. Kusipodondoka unga mpya, basi huenda unatazama makaburi ya wadudu waliokwisha kuondoka. Ukidondoka, sehemu zilizo tupu, zisizo na rangi, zaweza kutiwa dawa ya boraksi na asidi ya boriki iliyoyeyushwa katika maji, ambayo hunyonywa na mti na kubaki humo.

Ushauri wangu wenyewe ni huu: usikereze tendegu zima. Kereza shubiri moja tu. Tendegu lako la zamani limeliwa chini. Sehemu ya juu, yenye tundu la mfumbati na rangi ya asili, ni nzima. Fundi aligongegonge kwa mpini wa bisibisi akisikiliza mahali mlio mfu unapogeuka kuwa mlio wa mti mzima, kisha akate juu kidogo ya hapo, akichagua mfuo ulio kando ya pete ya pambo ili kiungo kijifiche kivulini. Asikate kwenye shingo nyembamba hata kama ndipo panapoonekana parahisi. Kipande kipya cha chini kikerezwe pamoja na ulimi wa mviringo wenye unene wa milimita 35 hivi na urefu wa milimita 70, na kwenye tendegu la zamani litobolewe tundu la kipimo hicho hicho. Ulimi uchorwe mfereji mdogo kwa urefu ili gundi na hewa vipate pa kutokea, la sivyo ulimi utasukumwa nje kama kizibo cha chupa, au tundu lipasuke. Ikiwa mti ni msaji, ambao una mafuta ya asili, sehemu za kuungia zifutwe kwa spiriti muda mfupi kabla ya gundi, lakini kwa uangalifu, spiriti isiguse laki.

Kazi ngumu hapa ni kuipata katikati halisi ambayo tendegu litazungukia kwenye mashine. Tazama kichwa cha juu cha tendegu la zamani: huenda ukaona kishimo kidogo kilichoachwa na ncha ya mashine iliyolishika zamani zile. Mkerezaji mwangalifu atarudisha ncha yake mahali pale pale, na upande wa chini atatafuta katikati upya, alizungushe kwa mkono, atazame linavyoyumba, na kukubali kuyumba kidogo kwa sababu mti umeshakuwa yai. Akianza kulikereza upya ili linyooke, mkataze. Atakula rangi na umbo kwa dakika moja.

Ikiwa haitawezekana, yaani ikithibitika kwamba wadudu wamefika hadi kwenye tundu la mfumbati, basi tendegu jipya litahitajika, na kuna njia tatu zinazostahili kufikiriwa. Ninayoipenda ni kutumia mti wa zamani wa aina ile ile, kwa mfano mhimili wa nyumba iliyobomolewa au fremu nene ya mlango, ambao umekauka kwa miongo. Hatari yake ni misumari iliyojificha, ambayo huharibu patasi na yaweza kumrukia mtu. Njia ya pili ni kuunganisha mbao nyembamba zilizokauka kwa gundi hadi zifikie unene unaotakiwa. Ni imara na haina kiini, ila mstari wa gundi utaonekana ukikatiza pete za mapambo, na kwenye kitanda cha kale mimi binafsi unanikera. Ya tatu ni kukereza mara mbili: mara ya kwanza tendegu liachwe nene kwa asilimia 10 hivi kuliko linavyotakiwa, vichwa vyake vipakwe nta au rangi nzito kwa kuwa maji hutoka kwa kasi kubwa zaidi vichwani, liwekwe kivulini kwa miezi, kisha lirudishwe kwenye mashine kwa kipimo cha mwisho. Lipimwe kila wiki kwenye mizani ya dukani, na uzito ukiacha kushuka kwa wiki kadhaa, limekwisha kutulia na hewa ya mahali hapo. Siku za mwisho liletwe chumbani mwako, lizoee kiyoyozi kabla halijakatwa.

Kama unataka namba kabla ya kukubali kipande chochote, kata kisahani chembamba kutoka katikati ya urefu wa kipande cha ziada, si mwishoni, ukipime, ukikaushe kwenye oveni yenye joto la nyuzi 103 za Selsiasi hadi uzito usishuke tena. Kisahani kilichokuwa na gramu 130 na kikabaki na gramu 108 kimepoteza gramu 22. Gawanya kwa 108 upate asilimia 20 hivi, yaani bado ni mbichi kwa chumba chako, na umrudishie muuzaji mbao zake.

Kuhusu mashine yako mwenyewe, ninakutia moyo lakini si kwa kazi hii. Mashine nyingi ndogo za kuweka juu ya meza zina nafasi ya sentimita 40 hadi 45 tu kati ya ncha na ncha, na tendegu lako lina 70. Pili, mwanafunzi wa kukereza huharibu vipande vingi kabla mkono haujajua kukata badala ya kukwangua, na tendegu la bibi si kipande cha kujifunzia. Anza na miti laini, ikiwezekana chini ya mwalimu katika chuo cha ufundi kama vile vya VETA vinavyofundisha useremala. Hesabu moja ya kukumbuka: unene kwa milimita ukizidishwa na mizunguko kwa dakika usizidi 225,000 hivi, ambayo kwa milimita 90 ni mizunguko 2,500, na kipande ambacho bado ni cha mraba kianze chini sana ya hapo, kwenye 600 au 700. Usikereze ukiwa umevaa kanzu, shali, glavu au mikono mirefu. Zungusha kipande kwa mkono kabla ya kuwasha. Vaa kinga ya uso, na barakoa pia, kwani vumbi la mvule na la mpingo huwasha ngozi na kifua, na vumbi la mbao kwa jumla liliwekwa mwaka 1995 na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu.

Kuna hali ambazo maandishi hayatoshi, na hapo umlete mtu akione kitanda kwa macho: ukikuta unga mpya chini ya matendegu mawili au zaidi, ukiona vichuguu vya mchwa ukutani, kama kitanda kina mapambo ya pembe za ndovu, au kama jaribio la spiriti limeonyesha laki. Kwa hilo la mwisho, mtaalamu wa uhifadhi wa makumbusho ni bora kuliko fundi hodari wa vanishi, na ukipata safari ya Lamu, ingia Makumbusho ya Lamu utazame samani za kale kwa utulivu kabla hujaamua lolote. Tendegu la mvule lenye ufa usilijaze gundi na unga wa mbao sasa, maana bado linasogea, na kama ufa umepita kwenye tundu la mfumbati, kitanda kisilaliwe hata usiku mmoja. Kiinue kwa matofali chini ya mfumbati na kitakizo vya pembe hiyo, tandaza godoro sakafuni, na ukimwendea fundi umpelekee tendegu lote la zamani, pamoja na kile kipande cha chini kilicholiwa, kwa sababu hata katika hali hiyo kina umbo ambalo atalihitaji kulifuata.